Makosa Kumi na Tisa

"Mjomba, hiyo karatasi usiisome."

Fundi alikuwa ameshaishika. Ilikuwa imeanguka kutoka kwenye daftari la Kiingereza la mpwa wake, binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akiishi nao kwa ajili ya shule, naye aliinama kuiokota kama ambavyo angeokota kalamu au kifutio. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Binti alikuwa bado na sare, chakula chake hakijaguswa, na tangu aingie alikuwa hajasema zaidi ya shikamoo.

"Kwa nini nisiisome?"

"Basi tu."

Juu ya karatasi palichapwa kwa Kiingereza maneno haya: Hii ni barua ya mwanamume asiyejua Kiingereza. Tafuta makosa kumi na tisa. Chini yake ilifuata barua yenyewe, aya tatu. Fundi akasoma sentensi ya kwanza, akavuta kiti, akakaa. Sentensi ya pili ilieleza chumba cha kwanza walichopanga mume na mke, kilivyovuja mpaka wakaketi mgongo kwa mgongo juu ya kipande cha zulia kilichobaki kikavu, wakacheka hadi mvua ikakatika.

Watu waliowahi kukaa juu ya zulia lile walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa yeye.

"Mmepewa lini hii?"

"Leo, kipindi cha tatu. Mwalimu ndiye aliyeigawa."

Mwalimu alikuwa mke wa Fundi. Alifundisha Kiingereza katika shule ile ya wasichana, na binti, kwa mazoea ya darasani, hata nyumbani alimwita hivyo hivyo.

"Akaisoma kwa sauti," binti akaendelea, macho kwenye sahani. "Alikuwa anayavuta maneno kama unavyoyavuta wewe. Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, mjomba. Alikuwa hajafika kwenye zulia. Alipofika nikajua ni wewe, nikanyamaza, lakini nilikuwa nimeshacheka."

Fundi akamwambia ale, chakula kinapoa. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda chumbani.

Barua ile alikuwa ameiandika yeye, kwa mkono wake, wiki tatu nzima, kwa ajili ya kutimiza miaka sita ya ndoa.

*

Walikutana miaka saba nyuma, Fundi alipoitwa kutengeneza rafu za maktaba ya shule. Alikuwa seremala aliyeishia darasa la saba. Kila rafu ilipokamilika alitakiwa kuirudishia vitabu vyake, na kila kitabu alikifungua kidogo kabla ya kukipanga. Mwalimu, aliyekuwa mgeni kazini, alimkuta siku moja amesimama na kitabu mkononi, kidole kwenye mstari, midomo inacheza bila sauti. Fundi akaona haya, akakifunga. Mwalimu akakifungua tena pale pale, akamuuliza amekwama wapi.

Ndivyo walivyoanza. Mwalimu alimkataza kukariri kamusi. Alimwambia neno lililokaririwa peke yake ni kama mtu uliyeonyeshwa picha tu, ukikutana naye njiani unampita. Asome hadithi. Mara ya kwanza akikutana na neno alipite tu, mara ya pili alitazame linakaa na akina nani, mara ya tatu ataona analijua bila kuambiwa. Na akitaka kuliandika, aandike sentensi yote, asiling'oe peke yake.

Fundi akanunua daftari gumu la kurasa mia mbili. Alikuwa anasoma kwenye karakana wakati gundi inakauka, na jioni wanakaa na Mwalimu upande mmoja wa meza, yeye anasoma kwa sauti, Mwalimu anamtazama mdomoni. Riwaya ya kwanza ilimchukua miezi mitano, ya nne ilimchukua wiki tatu. Mwalimu aliwaambia ndugu zake waliompinga kuolewa na mtu asiye na cheti kwamba hajawahi kuwa na mwanafunzi wa namna ile, na kwamba wao waliosoma hawafungui kitabu tangu watoke chuoni. Alimwita Fundi, naye akamwita Mwalimu, wakazoea hivyo hata wakiwa wawili tu.

Miaka ilivyokwenda, Mwalimu akapandishwa kuwa mkuu wa idara. Jioni za mezani zikapungua. Siku za hafla za walimu akawa anamwambia mumewe asisumbuke kuja, atachoka bure. Fundi hakuhoji. Aliendelea kusoma peke yake, akamaliza vitabu vya rafu ya kwanza ya zile alizozitengeneza, akaingia ya pili. Daftari likawa la tatu.

Hakuna aliyemhimiza kuandika barua. Aliona tu kwamba ana maneno mengi na hajawahi kumpa mkewe hata moja. Aliiandika kwanza kwenye daftari, akaifuta, akaiandika upya, kisha akainakili kwenye karatasi nzuri. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani. Akasema, "Asante. Umejitahidi." Akaitia mkobani, akawahi kazini.

*

Chumbani, Fundi alifungua daftari la tatu kwenye ukurasa wa barua, akaiweka karatasi ya darasani kando yake. Akaanza kulinganisha kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyopima miguu ya meza kabla ya kuiunga.

Makosa manne yalikuwa yake kweli. Aliyaona, akayakubali. Mahali pamoja alikosea wakati wa kitendo, mahali pawili aliweka kiunganishi kisichohusika, na neno moja alilitumia kwa maana isiyo yake.

Mengine kumi na tano hayakuwemo kwenye daftari. Alipoandika watoto, karatasi ilisema mtoto wengi. Alipoandika kwamba mkewe alimfungulia mlango wa nyumba asiyojua kama ipo, sentensi aliyoihangaikia siku nne, karatasi ilisema mkewe ni mlango. Akarudia tangu mwanzo, akidhani amesoma vibaya. Yalikuwa kumi na tano.

Mwalimu aliporudi alikuwa mchangamfu. Alisimulia habari za mkuu wa shule, za chaki zilizokwisha, za mwenzake wa idara aliyewachekesha wakati wa chai. Binti aliaga mapema kwenda kulala. Fundi alisubiri mpaka mkewe amalize kula.

"Ile barua yangu bado unayo?"

"Ipo kwenye mkoba, nadhani. Kwa nini?"

"Nilitaka uniambie ina makosa mangapi."

Mwalimu alitabasamu, akampiga kidogo mkononi kama anavyomtuliza mwanafunzi. "Achana nayo, Fundi. Kwa kiwango chako ilikuwa nzuri."

Hakuuliza zaidi. Baadaye alimsimulia dada yake kwamba jioni ile aliogopa jibu kuliko swali, maana mtu hamwongezei mwenzake makosa bila sababu, na sababu yoyote aliyoifikiria ilikuwa mbaya kuliko ile iliyoitangulia.

*

Sababu aliipata Jumamosi saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa uani anaanika nguo, simu yake ikiwa mezani, haina nywila. Haikuwahi kuwa nayo. Fundi hakuwahi kuigusa simu ile kwa miaka sita, na Mwalimu hakuwahi kuificha. Ilipolia mara tatu mfululizo aliitazama, akaona jina Profesa.

Profesa ndilo jina ambalo wasichana wa shule walimpa mwalimu wa fasihi, mwanamume mrefu mwenye mke na watoto wawili, ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake wakati wa chai. Ujumbe wake ulikuwa wa Kiingereza, tena kile cha vitabuni, chenye maneno marefu yaliyopangwa kwa madaha.

"Mkulima wako wa mbao yuko ukurasa wa ngapi leo?"

Lile neno la Kiingereza la mkulima halikuwa mkulima hasa. Kamusi ingemwambia ni mtu wa shamba, ikaishia hapo. Lakini Fundi alikutana nalo kwenye riwaya ya bwana mmoja tajiri aliyekuwa akimtania mtunza farasi wake mbele ya wageni, na alijua kwamba linatamkwa na mtu aliyeinua pua kidogo, akitegemea kuwa anayetajwa hataelewa. Akazirudisha jumbe nyuma kwa kidole, akasoma za awali.

Walikuwa wakiandikiana kwa miezi minane. Walikutana kwenye chumba cha maabara ya lugha baada ya masomo, kisha kwenye nyumba ya rafiki wa Profesa. Maneno ya mapenzi yalikuwepo, na ya mwili yalikuwepo, mengine Fundi aliyajua kwa sababu tu mkewe ndiye aliyempa vitabu vilivyokuwa nayo. Halafu akaikuta barua yake.

Profesa alikuwa ameandika: "Nipe hiyo barua yake tuwape kidato cha tatu. Watoto wanahitaji kucheka."

Mwalimu alijibu: "Haifai, ina makosa manne tu."

"Manne? Basi umemfundisha vizuri mno."

"Usijali. Nimeichafua. Sasa yapo kumi na tisa."

Hapo zilifuata alama za kucheka, za wote wawili.

Kupitia dirishani Fundi alimwona mkewe akikung'uta shati lake la kazi, akilinyoosha kola, akalibana kwa vibanio viwili. Alifuata daftari. Akanakili jumbe zote alizoweza, sentensi nzima nzima, na tarehe zake, mpaka nguo za kwenye beseni uani zilipokaribia kuisha. Kisha akairudisha simu mahali pake, akaenda karakana akapiga msasa ubao uliokwisha kulainika.

*

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha wazazi. Kwa kuwa mama mzazi wa binti aliishi mbali, Fundi ndiye aliyekuwa akihudhuria kama mlezi. Binti alimuuliza mara mbili kama atakwenda. Mara ya pili akamwambia, "Mjomba, ile karatasi nilishaitoa kichwani. Na wewe itoe." Fundi akamjibu kwamba anakwenda kusikiliza tu matokeo.

Ukumbi ulijaa. Wazazi viti vya mbele, walimu jukwaani, wanafunzi nyuma. Mkuu wa shule alipofika kwenye mengineyo na kuuliza nani ana jambo, Fundi alisimama na daftari lake. Mwalimu alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akamwinamia mwenzake wa pembeni akamwambia jambo, wakatabasamu. Profesa alikuwa viti viwili kutoka hapo.

Fundi alianza kwa kuonyesha karatasi ya darasani. Akaeleza kwamba barua ile ni yake, aliyemwandikia ni mkewe, na mkewe yuko pale jukwaani. Akasema ilikuwa na makosa manne, na atasoma jinsi yalivyofika kumi na tisa.

Akasoma kwa Kiingereza. Mengi ya maneno yale hakuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu, aliyajua kwa macho tu, kwa hiyo mengine yalimtoka kombo na baadhi ya wanafunzi wakaanza kucheka chini chini. Kicheko kikakatika chenyewe. Walimu wa jukwaani walielewa wa kwanza. Kisha Fundi akaanza kutafsiri kwa Kiswahili, taratibu, ili mzazi asiyejua Kiingereza naye asiachwe nyuma.

Profesa alitoka kwa mlango wa pembeni. Mwalimu hakutoka. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akimtazama mumewe mdomoni.

Mkuu wa shule aliomba aishie hapo. Fundi angeweza kuishia hapo, kwani kila mtu alikuwa ameshajua. Alifungua ukurasa wa pili. Akasoma na zile za mwili, za nyumba ya rafiki, zenye kutaja kovu ambalo ni mumewe tu aliyepaswa kulijua. Akina mama wakajifunika nyuso. Alipoinua macho alimwona mpwa wake mstari wa nyuma, kichwa kimelala juu ya mikono, na wasichana wa kushoto na kulia wamejisogeza mbali naye. Alimwona vizuri kabisa. Akasoma ujumbe uliobaki.

*

Profesa aliandika barua ya kuomba uhamisho kabla ya wiki kwisha, na akamweleza mkuu wa shule kwamba yeye alikuwa akivutwa tu, hakuwahi kuwa na nia. Kwa Mwalimu alituma ujumbe mmoja, safari hii kwa Kiswahili: "Naomba usinipigie tena. Nina familia." Mwalimu alisimamishwa kazi. Alihamia kwa mdogo wake, na huko nako waliokuwa wakimpinga kuolewa na seremala walipata la kusema.

Lakini aliyebaki darasani alikuwa binti. Kila alipoingia, msichana fulani alisoma kwa sauti ya kuvuta mstari mmoja wa zile jumbe, na wengine wakamalizia. Walikuwa wameshazijua kwa moyo. Aliacha kula shuleni, halafu akaacha kwenda. Mama yake alikuja kumchukua.

Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mwanamke asiyepandisha sauti. Alifungasha nguo za mwanawe, akamwita mdogo wake pembeni.

"Ulikuwa na haki ya kuumia. Hata ya kumwacha ulikuwa nayo. Lakini mwanangu alikuwa mle ndani."

"Najua, dada."

"Ulijua kabla, au umejua sasa?"

Fundi alitazama chini. Kwa dada yake hakuwahi kuweza kudanganya. "Nilimwona. Nikaendelea."

Dada alitikisa kichwa, akabeba begi. Binti aliaga kwa adabu zote, akampa mkono mjomba wake, lakini hakumtazama. Fundi alimwambia akifika huko aendelee kusoma, kuna vitabu atamtumia. Binti akajibu kwa sauti ndogo, "Vya Kiingereza usinitumie."

*

Mwezi mmoja baadaye Mwalimu alikuja karakana, mchana, na maboksi mawili matupu. Alisema amekuja kwa vitabu vyake. Fundi alikuwa amevileta huko kwa sababu nyumbani hakukaliki. Akamwonyesha rafu. Mwalimu alikuwa amekonda, lakini alivipanga kwa mpangilio wake ule ule, vikubwa chini, vidogo juu. Fundi aliendelea kupiga randa mpaka akashindwa kuvumilia.

"Nieleze kitu kimoja. Kwa nini kumi na tano? Ungewapa yale manne yangu, wangecheka tu."

Mwalimu hakugeuka.

"Nilikupenda ulipokuwa umekwama, Fundi. Unanitazama kana kwamba funguo zote ninazo mimi. Halafu ukaacha kukwama. Ukawa unanisomea sentensi ambayo mimi mwenyewe ningependa kuwa nimeiona, na mimi mwaka wa tatu huo sijamaliza kitabu. Siku uliponipa barua ile nilitafuta makosa kabla sijatafuta maana. Nikapata manne tu. Nilikuchukia tangu pale mlangoni."

"Kwa barua."

"Kwa barua. Profesa alikuwa hajui kitu zaidi yako. Lakini yeye alicheka pamoja nami, na mimi nilihitaji mtu wa kucheka naye."

Fundi aliweka randa chini. Alimwambia kwamba siku ya kikao, alipoanza, alikuwa na maumivu, na alipofika ukurasa wa pili hakuwa nayo tena. Alikuwa anafurahia. Kwa hiyo asidhani amekuja kuzungumza na mtu mwema.

"Sikudhani," Mwalimu alisema. Akafunga boksi la kwanza kwa kamba. "Ulisoma vizuri lakini. Ulikosea matamshi mawili tu."

Fundi alipangusa vumbi la mbao mezani. Mlangoni mteja alichungulia, akaona sura zao, akarudi alikotoka.

"Yapi?"

Mwalimu akageuka. Akamtajia la kwanza, lile la mkulima. Fundi akalirudia. Mwalimu akatikisa kichwa, akamwambia herufi ya tatu haisikiki, alitamke tena. Akalitamka tena. La pili lilikuwa neno la huruma, lililokuwemo kwenye ujumbe ambao Mwalimu alimwandikia Profesa kwamba hana hata huruma na mumewe. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Walilirudia mara nne, Mwalimu akimtazama mdomoni kama zamani, mpaka likakaa sawa.

"Hapo sasa," Mwalimu akasema.

Akabeba boksi moja, Fundi akambebea la pili mpaka barabarani, wakasubiri teksi. Talaka iliandikwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja akaondoka kwa mlango wake.